Tumbo Joto: Lugha, Hofu na Utumbo Usiotulia

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kulitazama tumbo kwa jicho moja. Katika mihadhara, tasnifu na majibu ya mitihani, tumbo ni uroho. Mwanafunzi aliyepitia shule ya upili wakati mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine (2016) ulipokuwa kitabu teule hakuhitaji kuelezwa mara mbili kwamba tumbo hilo ni tamaa ya wenye nguvu, na kwamba kinacholiwa ni ardhi ya wanyonge. Nje ya darasa nako, raia hulalamikia siasa za tumbo kila uchaguzi unapokaribia. Uhakiki huo ni sahihi. Ila umeliacha kando tumbo la pili ambalo Kiswahili kinalijua vizuri vilevile, nalo ni tumbo linaloogopa. Gazeti likiandika kwamba wabunge wana tumbo joto kabla ya mchujo wa chama, hakuna msomaji anayedhani kwamba waheshimiwa hao wamekula kiporo kilichochacha. Kila mmoja anaelewa kwamba wana hofu, na kwamba hofu hiyo imekaa mahali pake pa kawaida.

Makala haya yanadai kwamba tumbo hilo la pili linawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuliko wanavyodhani, kwa sababu upo ugonjwa wa tumbo ambao sehemu kubwa ya tiba yake ni maneno, na maneno hayo kwa Kiswahili hayajaandaliwa.

Ugonjwa wenyewe haujapata jina la Kiswahili lililokubalika. Kwa sasa na uitwe utumbo msumbufu, ingawa jina hilo lina kasoro ambayo itarejelewa. Mgonjwa huumwa na tumbo mara kwa mara, na maumivu hayo hufungamana na kwenda haja kubwa. Choo hubadilika: kwa baadhi hufunga, kwa wengine huendesha, na wapo wanaopatwa na yote mawili kwa zamu. Tumbo hujaa gesi na kufura. Kwa mujibu wa vigezo vya kimataifa vilivyotolewa mwaka 2016, vinavyojulikana kama vigezo vya Roma IV, maumivu yanapaswa kuwa yametokea angalau siku moja kwa juma katika miezi 3 iliyopita, na dalili ziwe zilianza angalau miezi 6 kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Uchunguzi uliohusisha nchi 33 na kuchapishwa mwaka 2021 uliwapata takriban watu 4 kati ya kila 100 waliohojiwa kwa njia ya intaneti wakiwa na hali hiyo, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Ajabu ya ugonjwa huu ni kwamba kamera ikiingizwa utumboni haioni kidonda, na maabara haipati kijidudu. Mgonjwa anaumwa kikweli, lakini hakuna picha ya kumwonyesha.

Kwa muda mrefu jambo hilo lilichukuliwa kuwa ushahidi dhidi ya mgonjwa. Hata hivyo, sayansi ilikuwa na fununu tangu kale. Mwaka 1822 kijana mmoja mfanyakazi katika biashara ya manyoya huko Marekani ya Kaskazini, Alexis St. Martin, alipigwa risasi tumboni akapona, lakini tundu la jeraha halikuziba. Daktari wake, William Beaumont, alilitumia tundu hilo kama dirisha kwa miaka mingi, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1833 alieleza jinsi hasira ya kijana huyo ilivyouvuruga mmeng'enyo wa chakula. (Mgonjwa kugeuzwa dirisha la bwana wake ni kisa ambacho kingestahili riwaya, na si lazima daktari ndiye awe nguli.) Mwishoni mwa karne hiyo, Walter Cannon wa Harvard aliyatazama matumbo ya paka kwa miale ya eksirei, akaona kwamba paka akighadhibika au akiogopa, mjongeo wa tumbo husimama. Leo inafahamika kwamba ukuta wa utumbo una mtandao wake wa neva wenye seli zaidi ya milioni 100, na kwamba neva ya vagasi inayouunganisha utumbo na ubongo hubeba habari nyingi zaidi kuelekea juu kuliko kuelekea chini. Tumbo huzungumza na kichwa kuliko kichwa kinavyozungumza na tumbo.

Utafiti wa mwaka 1973 ulilipa jambo hili sura iliyo wazi zaidi. Daktari Mwingereza, Ritchie, alipuliza kibofu kidogo cha hewa ndani ya utumbo mpana wa wagonjwa na wa watu wasio na ugonjwa huu. Kwa kiasi kile kile cha hewa, wagonjwa wengi zaidi waliumia. Utumbo wao haukuwa na jeraha. Ulikuwa mwepesi wa kuhisi. Aidha, tafiti zilizofanyika Sheffield katika miaka ya 1990 zilionyesha kwamba miongoni mwa watu walioambukizwa maradhi ya kuhara, wale waliokuwa na wasiwasi mwingi wakati wa kuugua ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kubaki na utumbo msumbufu baada ya vijidudu kwisha. Kijidudu na hofu vilishirikiana. Ndiyo maana tangu mwaka 2016 wataalamu huuweka ugonjwa huu katika kundi la matatizo ya mawasiliano kati ya utumbo na ubongo, wala hawauiti tena wa mwilini pekee au wa akilini pekee.

Mgonjwa wa Kenya hukutana na nini? Mara nyingi hukutana kwanza na majina ambayo si ya ugonjwa wake. Katika mazungumzo ya kila siku, karibu kila tumbo linalouma huwa ni vidonda vya tumbo, au amiba, au taifodi. Kipimo cha Widal, ambacho udhaifu wake unajulikana vyema kwa madaktari, kimewapa watu wengi taifodi ambayo hawakuwa nayo. Mgonjwa humeza dawa za kuua vijidudu duru baada ya duru, na kila duru ikiisha tumbo linakumbuka desturi yake. Hatimaye, baada ya vipimo vyote kutoka safi, huketishwa na kuambiwa sentensi moja: "Huna ugonjwa, ni mawazo tu."

Sentensi hiyo yastahili kuchanganuliwa. Katika Kiswahili cha kawaida, mawazo si fikra peke yake. Mtu mwenye mawazo ni mtu mwenye dhiki; akisemwa kwamba ana mawazo mengi, majirani hupunguza sauti. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya kauli ya daktari haina ubaya. Sumu imo katika "tu". Silabi hiyo moja huyaondoa maumivu kutoka tumboni na kuyatupa mahali ambapo hayahesabiwi. Anachosikia mgonjwa ni kwamba anajisingizia, au kwamba ameanza kurukwa na akili. Akielekezwa kwa mwanasaikolojia baada ya hapo haendi, na nani atamlaumu? Angekuwa ameambiwa, "Neva za utumbo wako zimekuwa nyepesi mno, na hofu inazichochea zaidi, na kuna mazoezi yanayozituliza," huenda angekwenda. Taarifa ni ile ile. Tofauti yake ni ya kipragmatiki, na hilo ni somo ambalo idara za Kiswahili hulifundisha kila muhula kwa mifano ya mazungumzo ya sokoni.

Tiba zenyewe zinafahamika vibaya, kwa hiyo si vibaya kuzieleza. Iliyofanyiwa utafiti mwingi zaidi ni tiba ya fikra na mienendo. Chukulia mwalimu wa kubuni anayefunza Kitale na ambaye wazazi wake wanaishi Machakos. Siku moja tumbo lilimwendesha akiwa ndani ya basi, na dereva hakusimama hadi Nakuru. Tangu hapo, wiki ya safari huanza na hofu. Hofu hulisokota tumbo. Tumbo likisokota, mwalimu hulisikiliza kama askari wa zamu anavyosikiliza kichaka, na anayesikiliza sana husikia mengi. Siku ya safari hali kitu tangu alfajiri ya kuamkia jana, humeza vidonge vya kufunga choo, kisha hujikuta hajaenda haja kwa siku nne, na maumivu yanazidi. Mwishowe haendi Machakos tena. Husema ana kazi nyingi. Mama yake anaamini kwamba ameoa mtu asiyependa wakwe.

Mtaalamu wa tiba hii hamwambii mwalimu kwamba tumbo lake haliumi. Humpa daftari aandike siku, chakula, tukio, wazo lililopita akilini, na tumbo lilivyojibu. Baada ya majuma machache mwalimu mwenyewe huanza kuuona mzunguko. Humfundisha kupumua kwa tumbo wala si kwa mabega. Kisha huja majaribio madogo: safari ya dakika 20 bila kufunga kula, halafu ya saa moja, huku akipima kama lile aliloliogopa limetokea kweli. Mambo haya hayana mazingaombwe yoyote. Ni kazi ya kusoma upya hadithi ambayo mtu amejisimulia kwa miaka, na kuiuliza hadithi hiyo ithibitishe madai yake. Mwanafunzi wa uhakiki angeitambua.

Matokeo si haba. Utafiti ulioongozwa kutoka Buffalo, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2018, uliwahusisha wagonjwa 436. Baadhi walipata vikao 10 vya tiba hii kliniki, wengine walipata vikao 4 tu na kujisomea nyumbani, na kundi la tatu lilipewa elimu kuhusu ugonjwa. Vikao vinne vilifanya kazi sawa na kumi, na makundi yote mawili ya tiba yalipata nafuu kuliko kundi la elimu. Huko Uingereza, utafiti wa wagonjwa 558 uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba tiba hiyo ikitolewa kwa simu, au kwa tovuti yenye msaada kidogo wa mtaalamu, ilileta nafuu iliyoonekana hata baada ya miezi 12. Wagonjwa hao walikuwa wamekwisha kujaribu dawa bila mafanikio. Jambo la simu na nyumbani lina uzito kwa nchi kama Kenya, ambamo simu imefika mahali ambapo mwanasaikolojia hajafika.

Tiba ya pili ndiyo inayomgusa mtu wa fasihi moja kwa moja. Mwaka 1984, Peter Whorwell na wenzake wa Manchester walichapisha utafiti wa wagonjwa 30 waliokuwa wameshindikana kwa tiba nyingine. Nusu yao walipewa hipnosi iliyolenga utumbo, na hao ndio waliopata nafuu kubwa. Miaka 32 baadaye, huko Melbourne, wagonjwa 74 waligawanywa kati ya hipnosi, mlo wa kuepuka vyakula vinavyochachuka utumboni, na mchanganyiko wa hizo mbili. Nafuu ililingana. Maana yake ni kwamba maneno yaliyosemwa kwa utulivu yalifanya kazi sawa na kuacha vitunguu, maharagwe na ngano.

Neno hipnosi huogofya, na Kiswahili hakisaidii. Mtu akitafuta neno la haraka hupata kiinimacho, mazingaombwe au kupumbazwa, na yote yanabeba harufu ya hila. Mama wa Kisauni akiambiwa kwamba bintiye atatibiwa kwa kiinimacho atamchukua bintiye arudi naye nyumbani, na atakuwa amefanya busara. Ukweli ni kwamba mgonjwa hupumzika, husikiliza sauti, na huongozwa kujenga taswira akilini. Halali fofofo, wala hafanyi asichotaka. Katika kitabu, hipnosi inatosha kama istilahi. Katika chumba cha tiba, "kutulizwa kwa maneno" yaelekea kuwa kauli ya kweli zaidi.

Hapo ndipo penye kazi. Katika tiba ya Manchester, mgonjwa huweka kiganja juu ya tumbo na kuambiwa ahisi joto likienea ndani, likiutuliza utumbo. Katika nchi ambayo baridi ni adui wa miezi mingi, joto ni faraja. Ni moto wa kuota, ni blanketi. Sasa mfasiri mwaminifu na ayalete maneno hayo Mombasa. "Hisi joto likienea tumboni mwako." Amekwisha kuharibu. Lugha ya msikilizaji inamwambia kwamba tumbo likipata joto kuna jambo la kuogopa. Mfasiri amemwagiza mgonjwa wa wasiwasi awe na wasiwasi zaidi, tena kwa sauti ya upole.

Kiswahili kina mfumo wake wa utulivu, na mfumo huo kwa sehemu kubwa umejengwa juu ya ubaridi. Mwenye hasira huchemka, kisha hupoa. Roho hupozwa. Vijana wamelifanya neno poa kuwa salamu na jibu la salamu. Hata burudani, neno la raha, lina asili katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya baridi, na maana hiyo ingali hai katika kuburudisha koo kwa maji. Yamkini mgonjwa wa Malindi angetulia upesi zaidi akiambiwa ahisi upepo wa jioni ukipita juu ya kitu kilichokuwa kikichemka. Lakini nako si mahali pa kukimbilia. Ubaridi una upande wake mbaya: baridi yabisi ni ugonjwa, na mtu aliyeogopa sana huweza kusemwa kwamba amekuwa baridi. Mzaliwa wa Limuru anayezungumza Kiswahili cha pili au cha tatu huenda asione ubaya wowote wa joto, maadamu asubuhi zake za Julai zinamtaka alitafute. Jambo hili haliwezi kuamuliwa mezani na mfasiri mmoja mwenye kamusi. Linahitaji watu waulizwe.

Mto nao una mambo yake. Wagonjwa wa Manchester huambiwa wauone utumbo kama mto: wanaoharisha hupunguza kasi ya maporomoko, waliofunga choo huuachia mto utiririke. Mtu wa Garsen ambaye Tana imewahi kumfuata hadi kitandani hatapata usingizi kwa taswira hiyo. Kwa mwenyeji wa Pate au Vanga, kuna maji kujaa na maji kupwa, mwendo unaokwenda na kurudi kwa saa zake bila kuombwa na bila kumshtua mtu. Kwa hakika, taswira hiyo inaukaribia utumbo kuliko mto, kwani utumbo nao hujongea kwa mawimbi. Wanaosomea taswira na tashbihi kwa miaka minne, kisha miwili zaidi, wanaweza kuifanya kazi hii. Madaktari hawawezi, wala hawakufunzwa.

Upo upinzani ambao haufai kupuuzwa. Vidonda vya tumbo navyo viliwahi kulaumiwa mawazo. Kwa miongo mingi wagonjwa walishauriwa wapumzike na wanywe maziwa, hadi mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, walipomtambua bakteria anayehusika na vidonda vingi. Marshall alifika hadi kumnywa bakteria huyo mwaka 1984 ili kuwanyamazisha wenye shaka, na mwaka 2005 wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Je, si yamkini kwamba utumbo msumbufu nao unangoja Marshall wake? Huenda. Lakini tiba za kisaikolojia hazidai kwamba mawazo ndiyo chanzo. Zinadai jambo dogo zaidi, kwamba mgonjwa akijifunza kuupoza mzunguko wa hofu na maumivu hupata nafuu. Dai hilo limepimwa kwa mgonjwa mmoja mmoja na kuhesabiwa, na litasimama hata bakteria akipatikana kesho.

Nguvu ya maelezo ilionekana kwa namna ya kushangaza Boston mwaka 2010. Wagonjwa 80 wa utumbo msumbufu waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa vidonge na kuambiwa waziwazi kwamba havina dawa yoyote ndani, ila vidonge vya namna hiyo vimeonekana kuuamsha uwezo wa mwili na akili kujitibu. Kundi la pili halikupewa kitu. Baada ya majuma 3, waliomeza vidonge visivyo na dawa walikuwa na nafuu zaidi. Hawakudanganywa, walielezwa. Ni vigumu kusema nafuu ile ilitoka wapi bila kuyahesabu maneno yaliyotangulia vidonge.

Kasoro zipo. Mgonjwa wa hipnosi anajua kwamba anapata hipnosi, kwa hiyo majaribio haya hayawezi kufichwa kama yale ya dawa, na matarajio huongeza nafuu kwenye karatasi. Tafiti zilizotajwa hapa zilifanyika Ulaya, Marekani na Australia. Zaidi ya hayo, hakuna mshauri nasaha anayepaswa kulipokea tumbo ambalo halijapimwa. Damu katika choo, kukonda bila sababu, homa, upungufu wa damu, maumivu yanayomwamsha mtu usiku, dalili zinazoanza baada ya umri wa miaka 50, au saratani ya utumbo katika ukoo ni mambo ya daktari kwanza. Katika nchi yenye kifua kikuu cha tumbo na giadia, tahadhari hiyo si ya kuandikwa kwa herufi ndogo.

Nani basi atayasema maneno haya? Jibu linaloleta matumaini lilitoka Zimbabwe. Mwaka 2016 Dixon Chibanda na wenzake walichapisha matokeo ya benchi la urafiki, ambapo wahudumu wa afya wa kawaida, wengi wao akina nyanya, waliketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati za Harare. Wagonjwa 573 walihusishwa, na waliokaa benchini walipungukiwa na dalili za dhiki kuliko wenzao. Haikuwa tiba ya tumbo. Linalostahili kuigwa ni kwamba nyanya hao hawakuanza na istilahi ya kigeni. Walianza na kufungisisa, neno la Kishona la kuwaza kupita kiasi, ambalo kila mgonjwa alikuwa nalo tayari kabla ya kuja. Hapa Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwahusisha wanawake 421 wa Nairobi waliokuwa na dhiki, wengi wao wakiwa wamepitia dhuluma, na wahudumu wa afya wa jamii waliopewa mafunzo mafupi waliwaletea nafuu kwa vikao vitano. Wahudumu wapo, na mazoea ya kuwatumia yapo. Maneno ya tumbo ndiyo ambayo hawajapewa.

Sheria nayo haiwezi kutajwa kama kisingizio. Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu ampe mgonjwa taarifa katika lugha anayoielewa. Pamoja na hayo, vitabu vya mwongozo wa ushauri nasaha vinavyotumiwa vyuoni ni vya Kiingereza, na mwanafunzi wa saikolojia huhitimu bila kuwahi kufanya kikao cha mazoezi kwa lugha ambayo wagonjwa wake watalia nayo. Idara za Kiswahili na za saikolojia aghalabu huwa katika jengo moja. Hazijulikani kuwa zimewahi kunywa chai pamoja.

Kazi ya istilahi isingojewe kutoka mbali. Jina la ugonjwa ni mfano mzuri. Tafsiri sisisi ya Kiingereza huzaa utumbo wenye hasira, jina linalochekesha, au utumbo unaowasha, jina linalopotosha, kwa kuwa mgonjwa hajikuni. Utumbo msumbufu unasomeka vizuri, lakini unamlaumu utumbo kana kwamba ni mtoto mtukutu, na mgonjwa anayepigana na utumbo wake ndiye hasa ambaye tiba inajaribu kumtoa vitani. Utumbo mwepesi ungekuwa na faida: unasema kweli kuhusu neva, na hautukani. Wengine watapinga kwamba wepesi ni sifa njema katika Kiswahili, na mabishano hayo yanafaa kufanyika hadharani, katika kurasa kama hizi.

Kuna pia msamiati wa maumivu ambao tayari upo na haujakusanywa kwa ajili ya zahanati. Tumbo hukata, husokota, hunyonga, hukeketa, huvuta, huchoma, hunguruma. Hayo si maneno ya kubadilishana ovyo. Mzungumzaji mahiri anajua kwamba kinachokeketa si kile kinachochoma, na daktari aliyefunzwa kwa Kiingereza huyaandika yote kama maumivu. Pwani kuna chango na ngiri, maneno yenye mipaka ambayo haifanani na ya hospitali, na ambayo muuguzi mgeni huyasikia bila kuelewa ameambiwa nini. Tasnifu moja ya uzamili juu ya vitenzi vya tumbo, yenye data ya Lamu, Kibra na Busia, ingemfaa muuguzi huyo kuliko nyingi zinazoandikwa juu ya taswira ya mwanamke katika riwaya zile zile tano.

Mwisho kuna suala la adabu, ambalo si dogo. Tiba hizi humtaka mgonjwa aeleze choo chake kwa undani. Tangu mwaka 1997 kliniki nyingi zimetumia chati iliyoundwa Bristol, Uingereza, yenye aina 7 za choo, kuanzia kigumu cha vidonge vidonge hadi cha maji matupu. Waingereza waliifananisha aina ya kwanza na njugu. Kiswahili kina samadi ya mbuzi, ambayo kila aliyekulia kijijini ameikanyaga, na hapo tashbihi ni bora kuliko ya asili. Aina ya saba haihitaji tashbihi. Ugumu upo katikati, kwenye aina ya nne, ile ya afya, ambayo waliifananisha na soseji au nyoka laini. Soseji kwa familia nyingi ni chakula cha sikukuu, na nyoka hatajwi usiku. Chati ya Kiswahili ambayo mama mkwe anaweza kuisoma kwa sauti mbele ya mkwewe, bila mmoja wao kuondoka chumbani, ingali inamngoja mtunzi.